Mtani Aliyeshika Tovuti Yetu

Bunge likifungwa, Dodoma ya miaka ile ilinyamaza siku hiyo hiyo. Asubuhi magari yanapanga foleni kuelekea Morogoro, mchana upepo umebaki peke yake barabarani unasukuma mifuko ya plastiki. Gesti yetu ilikuwa nyuma ya Area C, na ukimya wake ulikuwa na sauti: milango ya vyumba vitupu ikigongagonga kwa kuwa hakuna mtu ndani wa kuikomea. Mume wangu alizunguka na vipande vya maboksi, akavikunja na kuvisokomeza chini ya mlango mmoja baada ya mwingine. Alifanya hivyo bila kusema neno, na mimi sikuwahi kumpenda mume wangu akiwa kimya.

Alikuwa mtu wa reli. Ujana wake wote uliishia kwenye stesheni za Reli ya Kati, kofia kichwani, bendera mkononi, akiwapigia abiria kelele wasikanyage maua yake. Soko huria lilipoingia na mashirika yakaanza kupunguza watu, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupunguzwa. Mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya serikali, nikafuata. Viinua mgongo vyetu tukavigeuza matofali, na ile nyumba ndiyo ikawa kazi yetu na mazungumzo yetu.

Kisha akaanza kuugua presha. Daktari aliniita pembeni akaniambia mzee huyu asipandishwe hasira wala asipewe habari za kushtua, akaniambia kwa sauti ya mtu anayejua anaomba kisichowezekana. Nyumba ikishindwa kujiendesha, tungeiuza na kurudi kwao Gulwe, ambako kila mtu anakumbuka siku alipoondoka na sare mpya. "Siwezi kukaa Gulwe nikaangalia treni zinapita," aliniambia, na hakurudia tena. Hakuwa na haja ya kurudia. Tangu siku hiyo sikuwa nahangaikia vyumba, nilikuwa namhangaikia yeye.

Binti yetu, aliyekuwa chuoni Dar es Salaam, alitutengenezea tovuti wakati wa likizo. Ulikuwa ukurasa mmoja wenye picha ya nyumba, namba ya simu, na chini yake sehemu ya wageni kuandika maoni. Tulijiona tumefika. Binti aliporudi chuoni nikaenda intaneti kafe ya Uhindini kuitazama. Niliandika "gesti Dodoma" kwenye kile kisanduku cha mtambo wa kutafuta, nikaletewa hoteli za Arusha, hoteli za Zanzibar, na habari za mzungu mmoja aliyewahi kupita Dodoma akaugua tumbo. Nikaendelea kufungua kurasa mpaka muda wangu ukaisha. Sisi hatukuwemo.

Mwenye kafe alinihurumia. "Mama, mtambo haujui kama mpo," akasema. "Tovuti inapandishwa. Ni kazi kabisa, kuna watu wanaifanya. Unaweza kujifunza mwenyewe, au ukampa mtu akakufanyia."

Jambo hilo nikalibeba nyumbani, na likakaa kati yetu mezani kwa muda mrefu kuliko lilivyostahili.

Mimi nilitaka kujifunza. Nilikuwa nimepiga chapa barua za watu maisha yangu yote, na maelezo ya kupandisha tovuti niliyoyachapisha pale kafe hayakunitisha pamoja na Kiingereza chake. Mtambo hauoni picha, unasoma maneno. Unataka kichwa cha habari kinachosema jambo. Unaangalia tovuti nyingine zinazokutaja, wengi wakikutaja nao unakuheshimu. Na unapenda ukurasa unaobadilika, maana ukurasa usiobadilika unauona umekufa. Hayo niliyaelewa upesi. Kilichonishinda ni kungoja: nabadilisha neno moja leo, kisha nakaa wiki kadhaa ndipo nione kama nimepanda au nimeshuka, na hapo katikati umeme umekatika, laini imekatika, na mume wangu anakunja maboksi.

"Utajifunza mpaka lini?" akaniuliza. "Mpaka wabunge wote wawe wamejenga kwao hapa?"

"Mpaka nijue."

"Tumpe mtani."

Mtani tuliyemzungumzia alikuwa Mhehe wa Iringa, kijana wa makamo aliyesomea kompyuta Dar es Salaam na sasa akizitengeneza za maofisi ya hapa mjini. Sisi ni Wagogo, na kati ya Mgogo na Mhehe kuna utani ambao hatukuuanzisha sisi wala hatuwezi kuufuta: wao hutuita omba-omba, sisi huwaita wala mbwa. Akitoka kwao alipitia Mtera, akanunua samaki wakavu, akaja kulala kwetu bila kuuliza kama kuna nafasi. Langoni alianza kelele kabla hajaonekana.

"Kamwene, omba-omba wangu! Leo mmeomba wapi?"

"Mbukwa, mtani," mume wangu anajibu, uso umefunguka. "Mama, fungia mbwa ndani, Mhehe kaingia na njaa."

Nilimpenda, sitaki kusema vingine. Lakini nilimwambia mume wangu waziwazi: "Huyu ndiye mtu pekee Dodoma nzima ambaye akituharibia hatuna ruhusa ya kukasirika. Fundi mwingine nitamgombeza. Mtani nitamwambia nini?"

"Ndiyo maana namtaka yeye," akasema. "Daktari kasema nini? Nisipandishwe hasira. Nipe fundi ambaye hata akinikosea mila yenyewe inanikataza kukasirika."

Palikuwa na akili ndani ya maneno yale, na palikuwa na hatari ambayo niliihisi bila kuweza kuionyesha kwa kidole. Mtani akapewa chumba cha bure na ugali wa kila siku, akapewa na neno la siri la kuingilia kwenye tovuti. Alilikariri, akaniambia nisihangaike tena na makaratasi yangu.

Alianza vizuri. Akaupa ukurasa kichwa cha habari kinachoeleweka, akapanga maneno, akaandikia tovuti za mashirika na za watalii akiomba zitutaje. Halafu akatukalisha barazani kutueleza kwamba sasa panahitajika habari mpya, kila mara, ili mtambo uuone ukurasa uko hai. Tukatazamana. Gesti tupu ina habari gani? Bati limelia, mgeni hajaja.

"Nitawatungia mimi," akasema.

Alichotunga ni utani. Asubuhi moja tovuti yetu ikasomeka: "Leo Mgogo mwenye nyumba amepika kuku. Kuku hajulikani ametoka wapi. Majirani mhesabu wenu." Siku nyingine: "Vyumba vyetu vyote vina maji. Anayekataa kuoga ni mwenye nyumba tu." Mume wangu alifunga safari hadi kafe, akasoma, akacheka mpaka watu wakageuka, kisha akajibu kwenye sehemu ya wageni: "Wageni karibuni na mbwa wenu. Mhehe akiwepo, lala na mbwa wako chumbani, usimwache nje."

Mambo yakashika moto. Wanafunzi Watanzania waliokuwa ng'ambo wakaiona, wakaingia nao kwenye mabishano, kila mtu na kabila lake na mtani wake. Watu wa reli waliopunguzwa pamoja na mume wangu, waliotawanyika Tabora, Kigoma na kwingineko, wakamtambua kwenye picha wakaanza kumchokoza. Wengine waliweka anwani yetu kwenye kurasa zao ili wenzao waje kucheka. Na mtambo, usiojua kicheko ni nini, uliona tu kwamba watu wengi wanatutaja, ukatupandisha. Ukiandika "gesti Dodoma" sasa, ulikutana na sisi kabla ya wengine wote.

Simu ikaanza kulia hata Bunge likiwa limefungwa. Wakaja watu wa miradi ya maji, wakaja watafiti, akaja mzungu na mkewe waliokuwa wanakwenda Kondoa kuangalia michoro ya mapangoni. Milango ilikaa kimya kwa kuwa ndani mlikuwa na watu. Mume wangu akarudia kupiga pasi mashati yake. Alikwenda kafe kila siku kama alivyokuwa akienda kazini, na akirudi alinisimulia nani kasema nini, huku anacheka upya.

Nilifurahi, na furaha yenyewe ikanitia woga. Maana nilisoma ule ukurasa kwa macho ya mpiga chapa, nikaona kwamba hapakuwa tena na habari za vyumba. Zilikuwa habari za mume wangu tu: tumbo lake, meno yake, kofia yake ya reli ambayo bado aliivaa. Siku moja nikakuta: "Mwenye nyumba anatafuna vidonge vya presha mithili ya karanga. Wageni ficheni dawa zenu." Nilimfuata mtani jikoni, sahani mkononi.

"Shemeji, hilo la dawa liondoe."

"Shemeji, hilo ndilo lililopendwa kuliko yote."

"Nimesema liondoe."

"Utani ukipungua chumvi watu wanahama," akasema, na kwa mara ya kwanza nilisikia kwamba hatanii. "Watu wakihama, ukurasa unashuka. Mnataka kushuka?"

Mume wangu alikuwa nyuma yangu mlangoni. "Mwache, mama," akasema. "Mtani hana kosa." Nikaweka sahani chini. Nilihisi kitu kinatujia na kwamba mimi peke yangu nakisikia kikija.

Chumvi ikaongezwa. Kila siku mzaha wa jana ulikuwa umepoa, na wa leo ulibidi uende mbali zaidi. Halafu, karibu na mwisho wa kiangazi, gesti nyingine ikatokea juu yetu kwenye mtambo, na mtani akarudi kutoka kafe uso umemkunjana. Kesho yake alikwenda mapema. Mume wangu akafuata, akarudi anajifuta machozi ya kicheko, akanilazimisha twende wote nikajionee.

Ilikuwa imeandikwa hivi: "Tanzia. Mwenye nyumba hii amefariki dunia ghafla baada ya kudaiwa kuku wa watu. Mazishi yatafanyika marehemu akimaliza kula. Watani njooni na majembe."

Kwa mila zetu mtani ana haki hiyo. Anaweza kukutangaza umekufa ukiwa umekaa mbele yake, akakulilia, akaomba alipwe kwa kukulilia, nawe ukacheka kuliko wote. Nimeona hivyo tangu utotoni, kwenye misiba na kwenye pombe, na sikuwahi kuona mtu akidhurika. Lakini maneno yale huwa yanasemwa mbele ya watu wanaokuona unapumua, kisha yanakwenda na upepo. Haya yalikuwa yamekaa pale kwenye kioo, chini ya jina la nyumba yetu, na nilipofumba macho na kufumbua yalikuwa bado yapo. Sikucheka, na mume wangu akaniambia nimezeeka.

Baada ya hapo simu ikanyamaza.

Haikunyamaza kidogo kidogo. Mtafiti aliyekuwa ameahidi kuja hakuja wala hakupiga simu. Kikundi cha walimu kilikwenda kulala kwingine. Tulidhani ni msimu. Mtani alisema tumepanda tena, tuko juu kabisa, hajui kwa nini watu hawaji. Upepo wa kiangazi ukarudi kwenye milango.

Kisha Bunge likakaribia kufunguliwa, na mchana mmoja akaingia langoni dada mmoja mtumishi wa Bunge, mpiga chapa mwenzangu, mtu wa Tanga, ambaye alishukia kwetu kila kikao. Alikuwa amejitanda kanga kichwani na amekumbatia mfuko wa mchele. Aliponiona akaangua kilio, akaniangukia begani. "Pole, mama yangu, pole, nimechelewa kujua." Nilimshika nisijue ananipa pole ya nini. Wakati huo huo mume wangu akatokea nyuma ya nyumba na ndoo ya maji.

Sijapata kusikia binadamu akilia sauti ile. Mfuko ulimponyoka, mchele ukamwagika uani.

Tulipomtuliza akatueleza. Alikuwa Dar es Salaam, akatafuta namba yetu ya simu kwenye intaneti ili aweke nafasi ya chumba. Mtambo ukamletea jina la nyumba, na chini ya jina, mistari miwili tu, kama unavyofanya kwa kila tovuti. Mistari yenyewe ilisema: tanzia, mwenye nyumba hii amefariki dunia ghafla. Kuku hakuwemo. Majembe hayakuwemo. Hakuufungua ukurasa, angeufungua afanye nini? Alifunga akaenda kulia.

Ndipo tukajua simu imenyamaza kwa nini. Wenye kicheko walikuwa wakija moja kwa moja kwa anwani wanayoijua. Waliokuwa wanatafuta pa kulala walipitia kwenye mtambo, na mtambo ulikuwa ukimwambia kila mmoja wao kwamba mwenyeji amekufa.

Siku ile tulicheka mwishowe, hata yule dada. Alipoondoka kwenda kuoga alisema, "Marehemu, naomba taulo," na mume wangu akampa taulo kwa heshima zote. Jina likamganda kikao kizima. Watumishi wengine wa Bunge walikuja jioni kula nyama kwetu wakauliza kama marehemu yupo. Alilipokea. Mimi nililikataa, na hakuna aliyenisikiliza.

Mtani alifuta yale maneno siku hiyo hiyo. Tukaenda kafe kuhakikisha, tukaandika jina la nyumba, tukaletewa tanzia ile ile.

"Nimeshafuta," mtani akasema. Jasho lilikuwa linamtoka. "Mtambo unatunza nakala yake. Utabadilika ukirudi kutusoma."

"Utarudi lini?"

"Unarudi unapotaka, shemeji."

"Wewe ni fundi. Uambie urudi."

Alijua kuupandisha ukurasa, hakujua kuufanya usahau. Nikamwomba neno la siri palepale, akanipa bila mzaha wowote, na mimi nikarudi kwenye makaratasi yangu. Nilijifunza kwa hasira safari hii. Nilipata mahali pa kuwaandikia wenye mtambo, nikawaandikia Kiingereza changu cha ofisini, kwa heshima na taadhima, kwamba mtu huyu yu hai na ninaishi naye. Hawakujibu. Niliandika tena. Nilibadilisha kichwa cha habari, nikaandika habari mpya za vyumba na maji, nikangoja.

Mume wangu alikwenda kafe kila asubuhi kuangalia. Siku za kwanza alirudi anatabasamu. "Bado nimekufa," alisema, akiweka kofia mezani. Baadaye akawa anasema "Bado" tu. Baadaye akawa anarudi, anaweka kofia, na mimi nasoma mgongo wake. Alipokutana na watu sokoni Majengo alianza kuwasalimu yeye kwanza, kwa sauti, kutoka mbali, wasije wakashtuka.

Siku moja tulikuwa tunachambua mlenda barazani akaniuliza, "Hivi huo mtambo unatazamwa na watu wengi?"

"Wengi."

"Kuliko wanaonijua mimi?"

"Sana."

"Basi duniani wanaojua nimekufa ni wengi kuliko wanaojua nipo," akasema, akaendelea kuchambua. Hakuwa analalamika. Nilimkasirikia kwa kutolalamika, na usiku ule vipimo vyake havikushuka hata baada ya dawa.

Nilimchukia mtani. Nasema hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Alikuja na samaki wake wa Mtera, akaingia langoni bila kelele, na sisi watatu tukala ugali tukisikilizana tunavyotafuna. Nilikuwa na maneno kifuani ya kumwambia, lakini neno lolote ambalo Mgogo anamwambia Mhehe ni utani, hata akilisema anatetemeka. Angenijibu kwa mzaha, maana asingekuwa na jibu jingine, na mume wangu angecheka kwa kulazimika. Nikameza tonge.

Kisha siku moja nikaandika jina la nyumba na ile mistari haikuwepo. Palikuwa na maneno yangu mwenyewe: vyumba safi, maji, karibu na mjini. Nilisoma mara nyingi. Nikatembea kwenda nyumbani kwa haraka ambayo mama wa umri wangu haimfai, nikamkuta uani.

"Umefufuka," nikamwambia.

Alikaa kwenye kiti. Alicheka kidogo, halafu akafunika uso kwa mikono yake. Jioni alikula vizuri. Wiki ile simu ililia tena, na nikaanza kuamini kwamba kile nilichokuwa nakisikia kikija kimepita pembeni yetu.

Mvua za kwanza zilimkuta juu ya ngazi, asubuhi, akizibua mfereji wa bati. Aliteremka mwenyewe. Akakaa chini, akanishika kanga, akasema kichwa. Hospitali walisema ni presha, na mimi sisemi zaidi ya walivyosema wao.

Wanawake walipoanza kutandika mikeka, nikavaa viatu. Walinizuia, mjane haendi intaneti. Niliwaambia waniache. Wenzake wa reli walikuwa wametawanyika njia nzima hadi Kigoma, namba zao sikuwa nazo, na mahali pekee walipokuwa wakikutana naye siku zile palikuwa ule ukurasa. Nilitaka wamzike. Alistahili watu wa reli kaburini kwake. Nikaketi kafe, mikono inajua kazi yake hata nikiwa sioni vizuri, nikaandika: "Mwenye nyumba hii amefariki dunia leo. Mazishi ni keshokutwa, Gulwe. Safari hii ni kweli."

Wakajibu upesi. Nilikuwa sijainuka kwenye kiti. Wa kwanza akaandika: "Hata safari ile mlisema amefariki." Mwingine, ambaye mume wangu aliwahi kugawana naye nyumba ya stesheni, akaandika: "Mwambieni asizikwe na kofia, ni mali ya umma." Mwingine akauliza kama kuku ameshalipwa. Niliandika tena kwamba si utani, mimi ni mkewe. Wakaandika: "Shemeji naye kaingia mchezoni! Hongera." Niliandika nini kingine? Hakuna neno la huzuni ambalo mtani alikuwa hajalitumia. Mwenye kafe alizima kompyuta akanirudisha nyumbani kwa baiskeli.

Tulimzika Gulwe na ndugu, majirani na mchungaji. Mtani alichimba kaburi tangu alfajiri, maana hiyo ndiyo kazi yake. Lilipokuwa tayari akabaki ndani, kama ilivyo desturi: mtani husimama kaburini akagoma kutoka, akamsema marehemu, akaiga mwendo wake, mpaka wafiwa wacheke wampe chochote. Watu wakangoja. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, akamhimiza, "Sema basi, mtani. Au umeishiwa?"

"Nilishayasema yote," akajibu kutoka chini.

Hakuna aliyemwelewa isipokuwa mimi. Nilisogea ukingoni nikampa mkono, akaushika, akapanda. Kiganja chake kilikuwa kimejaa udongo mwekundu. Chuki niliyokuwa nayo ilikuwa bado ipo, na nilimvuta hivyo hivyo. Kutoka relini hakuja mtu.

Niliendelea na gesti. Tovuti naishika mwenyewe, sikumpa mtu tena, na lile tangazo langu mtambo ulilichukua bila kukawia. Sikulifuta. Niliona aibu kulifuta, kana kwamba ningekuwa nasema uongo.

Kikao kilichofuata cha Bunge, yule dada wa Tanga alifika mchana, begi kubwa mkononi na kikapu cha machungwa. Safari hii hakujitanda kanga. Alikuwa na sauti ya mtu aliyesafiri akifikiria mzaha mmoja njia nzima.

"Shikamoo mama! Nimeona tena mmetangaza," akasema, anacheka. "Mimi hamnipati mara mbili. Nimemletea machungwa ya kwetu. Marehemu yuko wapi?"

"Marahaba, mwanangu," nikasema. "Tumeshamzika."

Akacheka sana. Akaweka kikapu chini, akapita kando yangu kuelekea uani, akimwita kwa jina lile, mlango hadi mlango. Nilisimama palepale nikamsikiliza akiita, mpaka alipofika mwisho wa nyumba.